Bwana wa Kivuko

Binamu yangu anayesoma Colorado alinitumia video ya dakika mbili. Amesimama katikati ya mto, maji yamemfika magotini, amevaa suruali ya mpira inayopanda hadi kifuani. Ameshika ufito mrefu mwembamba, na mshipi wake hautupwi mara moja ukatulia kama wetu. Unapelekwa nyuma, unarudishwa mbele, unachora duara hewani, kisha unatua juu ya maji kama kitu kisicho na uzito. Mwisho wa mshipi hakuna nyungunyungu wala kipande cha nyama. Kuna nzi, tena si nzi wa kweli: ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano ndogo kama punje ya mchele. Nyuma yake unaonekana ukuta wa bwawa. Kwenye ujumbe wa sauti alinieleza kwamba maji yale hutolewa chini kabisa ya bwawa, kule jua lisikofika, ndiyo maana huwa baridi hata wakati wa kiangazi chao, na kwamba samaki aitwaye trauti anaipenda baridi hiyo. Video inaisha akiwa amemshika samaki mwenye madoadoa. Anampiga picha, anamwachia.

Nilimwonyesha guku. Kwa Kinyamwezi guku ni babu, na huyu ni baba mzazi wa mama yangu, mvuvi na mfuga nyuki wa zamani, ambaye sasa jicho la kushoto limemgomea. Tulikuwa tumekaa chini ya ukuta wa bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji wa Tabora, sisi na ndoo yetu ya plastiki na kopo la nyungunyungu. Alisogeza simu karibu na jicho zima, akaitazama video mara mbili.

"Amemdanganya samaki kwa nzi wa uongo," akasema.

"Ndiyo, guku."

"Halafu amemwachia."

"Ndiyo."

Akanirudishia simu. "Sasa hapo nani kadanganywa?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Nimesoma historia chuo kikuu. Nimezaliwa kwenye mji ambao kila kitabu cha historia ya Afrika Mashariki lazima kiutaje, na katika vitabu hivyo vyote nimesoma juu ya pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga na bunduki. Sikukumbuka kusoma ukurasa hata mmoja ulioeleza kwa kituo nani alikuwa akivua, nani alikuwa akila, na nani alikuwa akilipwa pale njia ilipokutana na maji.

*

Kila ukoo wa Tabora una mpagazi wake. Wa kwetu ni babu wa babu yake guku. Inasemwa alibeba mzigo wa Mzungu hadi Ujiji, na kwamba alipofika mto Malagarasi njaa ilimbana hadi akauza nguo ya posho yake kwa samaki mmoja. Hadithi inaishia hapo. Haisemi Mzungu alikuwa nani, wala samaki alikuwa wa aina gani. Nilipokuwa mdogo niliamini Mzungu yule ni Stanley, kwa sababu huyo ndiye niliyemjua. Shuleni walitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley. Nilisimama mlangoni nikiwaza: mzee wetu alisimama hapa.

Nilipokua nilianza kumtafuta kwenye vitabu. Nilisoma safari ya Burton na Speke, ambao walifika hapa mwezi Novemba 1857, mahali Burton alipopaita Kazeh. Nilisoma ya Stanley, aliyefika Unyanyembe mwezi Juni 1871. Nilisoma maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na ambaye baba yake alioa katika ukoo wa mtemi wa Unyanyembe. Majina ya wapagazi yamo, lakini ni machache. Sidi Mubarak Bombay yumo kila mahali, maana aliwaongoza Burton na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron. Wengine ni hesabu tu: wapagazi kadhaa wametoroka, wapagazi kadhaa wanaumwa, wapagazi kadhaa wamegoma.

Na bado Wanyamwezi hawakuwa watu wa kukokotwa. Wengi wao walikuwa watu huru walioajiriwa kwa ujira, wakabeba mzigo wa kama frasila mbili begani, wakajua bei ya kazi yao na wakajua kugoma. Burton mwenyewe aliandika kwamba kijana ambaye hajawahi kuiona pwani alidharauliwa kwao. Posho yao ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Kwa hiyo njia ya misafara haikuwa njia ya pembe tu. Ilikuwa soko refu la chakula, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kila jioni mamia ya watu wenye njaa waliingia kijiji cha mtu mwingine wakiwa na shanga mkononi. Utani wetu na Wazaramo na watu wengine wa njiani ulikomaa katika kuingia na kutoka huko. Ukimzoea mtu kwa kumuuzia muhogo, na yeye akakuzoea kwa kukupunja, mwishowe mtacheka pamoja.

Mzee wetu sikumpata. Nilichokipata ni mto.

*

Ukitoka Tabora kuelekea magharibi, maji yote yanaelekea upande mmoja. Mto Igombe, huu unaopita chini ya bwawa letu, unakwenda magharibi hadi kwenye mabwawa na matete ya Malagarasi. Mto Ugalla nao unatoka kusini na kumwaga humo humo. Malagarasi ni mto wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Rufiji. Unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, unashuka kwenye tambarare yenye majimaji ambayo mwaka 2000 ilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, kisha unapinda magharibi na kumwaga Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma. Mtu aliyetaka kwenda Ujiji kwa njia ya kati alikuwa hana budi kuuvuka.

Burton aliuvuka mwanzoni mwa Februari 1858. Ilikuwa masika, mto umejaa. Yeye alikuwa amedhoofika kwa homa kiasi cha kubebwa, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Waliokuja kutafuta chanzo cha mto Nile, mmoja hatembei na mwingine haoni, walikaa ukingoni wakisubiri mtu mmoja awape ruhusa. Mtu huyo aliitwa Mutware, na Burton akatafsiri cheo chake kuwa bwana wa kivuko.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikamfikiria guku. Bwana wa kivuko hakuwa na jeshi kubwa. Hakuwa mtemi wa nchi nzima wala hakudai kwamba mto ni wake wote. Alichomiliki ni mahali ambapo watu walipaswa kuvukia, mitumbwi iliyoweza kuwavusha, na wavushaji walioujua mkondo, viboko na mamba. Kwa hayo matatu, kila msafara uliomfikia ulifungua robota la nguo. Mwarabu mwenye bunduki mia alilipa. Mzungu alilipa. Stanley alipofika mwaka 1871, baada ya kuzunguka kusini kwa sababu vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida, alijaza kurasa za malalamiko: hongo ya nguo kwa watawala wa Uvinza, kisha shanga na nguo tena kwa wenye mitumbwi. Ukisoma malalamiko yale kwa jicho la mgeni, unaona unyang'anyi. Ukiyasoma ukiwa umekaa upande wa pili wa mto, unaona ushuru wa barabara unaotozwa na watu wanaojua thamani ya kazi yao.

Pale pale Malagarasi Stanley alimpoteza punda wake. Alikuwa punda mrefu wa Unyamwezi, jina lake Simba. Walimwogelesha nyuma ya mtumbwi kwa kamba, na alipofika katikati mamba akamkamata shingoni. Waliivuta kamba hadi wakashindwa, punda akazama. Katika safari yenye vifo vya watu wengi, kifo cha punda huyo kimeandikwa kwa kirefu kuliko vifo vya wapagazi kadhaa. Naye alipewa jina.

*

"Mitumbwi yenyewe ilikuwa ya nini?" guku aliuliza nilipomsimulia. Habari za mamba hazikumshangaza; alitaka kujua ufundi.

Nikamwambia kwamba Burton ameeleza mitumbwi ya gome la mti, iliyobanduliwa nzima kutoka kwenye miti ya miombo.

Guku alinyamaza, kisha akainuka kwa mikono miwili na kwenda nyuma ya nyumba. Alirudi na mzinga wa zamani wa nyuki, uliotengenezwa kwa gome. Kwa asiyejua, mzinga wa gome hutengenezwa hivi: unachagua mti, mathalani mtundu au muyombo, wakati wa mvua, utomvu unapotembea na gome linapokubali kuachana na mti. Unakata duara juu, unakata duara chini, unapasua mstari mmoja wa kusimama, halafu unalibandua gome taratibu kwa kijiti kilichochongwa, ukilizunguka, hadi linatoka nzima kama shati. Kisha unalishona pale lilipopasuka. Kwa ufundi huo huo wazee walitengeneza malindo, yale makasha ya gome ya kuhifadhia nafaka na nguo.

"Lindo, mzinga, mtumbwi," guku alisema akigonga mzinga kwa kidole. "Ni mkono mmoja. Ukilishona huku na huku lisivuje, si umepata mtumbwi? Tatizo ni kuziba ncha." Akaugeuza mzinga juani akiupima kwa jicho lake moja. Nilimwona anavuka mto akiwa palepale uani.

Huo ndio wakati nilipoelewa kwa nini nilikuwa simpati mzee wetu. Nilikuwa nikimtafuta kwenye majina, na yeye alikuwa amebaki kwenye mikono.

*

Kitu kingine kilichokuwa Malagarasi ni chumvi. Karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, pale Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta vigae na majivu ya watu waliokuwa wakichemsha maji hayo kutengeneza chumvi tangu kama karne ya tano au ya sita. Ni zaidi ya miaka 1,400. Kabla ya Bagamoyo kujulikana, kabla ya mwembe wa kwanza kupandwa Tabora, watu walikuwa wakija Uvinza wakati wa kiangazi, wanapanga vyungu motoni, wanachemsha maji hadi chumvi inabaki chini, wanaifunga na kuondoka nayo. Chumvi hiyo ilisafiri hadi Unyamwezi na kuzunguka ziwa, na ilikuwa sawa na fedha.

Kwa hiyo njia maarufu ya pembe na watumwa ilipita juu ya njia ya zamani zaidi, njia ya chumvi. Na njia ya chumvi ni njia ya jikoni. Burton alipofika Ujiji mwezi Februari 1858, katika orodha zake za mambo ya ziwani aliandika pia samaki, na dagaa wamo, kwa jina hili hili tunalolitumia leo. Mtu wa Tabora akiagiza ugali kwa dagaa wa Kigoma mchana huu, anakula chakula kilichokuwa kimekwisha kupata jina lake kabla Mzungu yeyote hajaliona ziwa.

Wajerumani waliimaliza kazi ya bwana wa kivuko bila kupigana naye. Kwanza walimshinda mtemi Isike hapa Unyanyembe, Januari 1893. Baadaye kampuni ikazishika chemchemi za Uvinza. Kisha ikaja reli: Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Reli ilivuka Malagarasi juu ya chuma, na tangu siku hiyo hakuna aliyelazimika kumwomba mtu wa Uvinza ruhusa. Wapagazi nao kazi yao ilikufa, ingawa vita vya 1914 viliwarudisha wengi begani kwa nguvu, safari hii si kwa ujira wa kujadiliana.

Mimi ni mtoto wa reli hiyo. Utotoni niliwajua migebuka kwa harufu kabla sijawajua kwa sura. Treni ya kutoka Kigoma ilipoingia stesheni usiku, harufu ndiyo iliyotangulia kushuka: magunia ya dagaa, matenga ya migebuka waliokaushwa, madumu ya mawese. Akina mama waliokuwa na vitenge vimefungwa viunoni walikimbia na behewa kabla halijasimama. Bei ilitajwa gizani, kwa kunong'ona na kwa matusi ya utani. Nilidhani tulikuwa tunakwenda kununua samaki tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama kwenye mwisho wa msafara.

*

Turudi kwa yule nzi wa manyoya, maana naye ana historia kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta Kenya mayai ya trauti kutoka Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye walisambazwa kwenye mito ya baridi ya mlima Kenya, na huku Tanganyika wakafikishwa kwenye mito ya milimani, kama ile ya Kilimanjaro na Mbeya. Tabora haikupata. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu ni ya uvuguvugu. Trauti akianza kuishi kwenye maji yanayozidi nyuzi 25 hafiki mbali.

Watu waliomleta hawakuwa na njaa. Walimleta kwa sababu walikumbuka mito ya kwao na mchezo wa kwao. Mto ukishawekwa trauti, sheria ilifuata: leseni, na mahali pengi nzi wa manyoya tu ndiye aliyeruhusiwa. Mkikuyu aliyezaliwa ukingoni mwa mto ule alijikuta anaambiwa kwamba ndani yake mna samaki asiyeruhusiwa kumgusa kwa mgono wala kwa nyungunyungu. Mto haukuhama, uliongezewa tu samaki mwenye mwenyewe.

Simchukii trauti. Binamu yangu alinieleza kwamba siku anaposimama kwenye yale maji ya baridi ndiyo siku pekee ya juma ambayo hawazi ada, na ninamwelewa. Lakini nadhani guku alikuwa amegusa jambo aliposema nani kadanganywa. Kuna watu ambao kwao mto ni mahali pa kucheza, na kuna watu ambao kwao mto ni sahani. Sheria huwa inaandikwa na wa kwanza.

Guku alivua Ugalla tangu ujana. Pori la akiba la Ugalla, tangu enzi hizo, liliwaruhusu watu wa vijijini kuingia kwa vibali wakati wa kiangazi, kurina asali na kuvua. Walikuwa wakiondoka kwa baiskeli na unga, chumvi, ndoano, na nyavu, wanapiga kambi kando ya mto, na kurudi baada ya wiki kadhaa na kambale na perege waliobanikwa kwa moshi wa mninga hadi wakawa wekundu kama udongo wa tanuri. Ada ya mama yangu ya sekondari ilitoka kwenye moshi huo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ilipandishwa hadhi ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kambi za aina ile hazina nafasi ndani ya hifadhi ya taifa.

Nilitegemea guku awe na hasira. Nilikuwa tayari nimeiandika hasira yake kwenye daftari, na nilikuwa nimeshapata mfano wa kuiweka kando yake: Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho nacho ni hifadhi ya taifa, ambako mtalii huvua kwa ndoano kama mchezo na kulipia. Nilimsomea. Akasikiliza hadi mwisho.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini hukuandika kwamba miaka ya mwisho watu walikuwa wanaweka nyavu za macho madogo, mpaka vifaranga. Hukuandika waliomwaga sumu. Mimi niliwaona. Kuna mwaka nilikaa kambini siku tisa nikarudi na samaki wa siku mbili."

"Kwa hiyo unaona ni sawa?"

"Sijasema ni sawa. Nimesema andika yote." Akatafuta maneno kwa muda. "Zamani ukienda mtoni unamkuta mwenyewe. Unampa kitu, anakuambia hapa vua, hapa usivue, hapa wanataga. Ukimdharau, anakunyima mtumbwi. Siku hizi mwenyewe yuko mbali, na aliye karibu si mwenyewe. Ndiyo maana kila mtu alichota."

Nilifuta ukurasa wangu. Nilikuwa nimekuja na hadithi yenye mwizi mmoja, na yeye akanirudishia yenye mlango usio na bawabu.

*

Mwezi wa nane nilikwenda Malagarasi peke yangu. Guku alitaka kuja, lakini daktari wa macho alikuwa amempa miadi, na safari ya basi kwa barabara ile humchosha hata kijana. Nilipita Urambo, mji uliobeba jina la mji wa Mirambo, nikapita Kaliua, na msitu wa miombo ukafungana pande zote mbili hadi nikaelewa kwa nini wapagazi waliimba.

Mto nilioukuta haukuwa ule wa Burton. Ulikuwa wa kiangazi, mpana bila haraka, rangi ya chai ya rangi, na matete yakiwa yamesimama pembeni. Vijana wawili walikuwa wakivua kwa ndoano kutoka kwenye mawe. Chelezo zao zilikuwa vipande vya kandambili, na chubwi zao nati za baiskeli. Niliwaamkia, nikakaa nao. Mmoja alikuwa na kambale kwenye kamba. Mwingine alikuwa na hadithi ya yule aliyemponyoka.

Nikawaeleza jambo ambalo wanasayansi wa samaki wanalisema, na ambalo sijaacha kulishangaa. Baadhi ya samaki wa Malagarasi hawapatikani ndani ya Ziwa Tanganyika, lakini ndugu zao wako ng'ambo, katika mto Kongo. Maelezo yao ni kwamba mto huu ni mkubwa kuliko ziwa kwa umri. Zamani sana, kabla ardhi haijapasuka na kuzama, ulikuwa ukienda moja kwa moja magharibi kujiunga na maji ya Kongo. Kisha bonde likafunguka katikati, likajaa maji, na ziwa refu likakaa juu ya njia ya mto. Samaki waliobaki upande huu ni kama watu wa ukoo waliokatiwa njia.

"Kwa hiyo ziwa ndilo lilihamia," akasema mwenye kambale.

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. "Na umeme je?"

Aliuliza kwa sababu huko chini, kwenye maporomoko ya Igamba, umepangwa mradi wa umeme wa maji wa megawati 49.5, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mpango wa awali, uliokuwa ugharimiwe na Marekani, uliachwa baada ya uchunguzi wa mazingira kuonyesha kwamba pale kuna viumbe adimu. Kwa miaka mingi Kigoma iliwaka kwa majenereta ya dizeli. Mtu aliyelala gizani humwambii asubiri konokono. Wala mtu anayeishi kwa kambale humwambii samaki si kitu. Nilimjibu kijana yule kwamba sijui mto utakuwaje chini ya mitambo, na hilo lilikuwa kweli. Nilimkumbuka binamu yangu ndani ya yale maji baridi, nyuma ya ule ukuta. Huko nako kulikuwa na mto kabla ya bwawa, na samaki wake wa kwanza.

Kabla sijaondoka nilifanya jambo la kijinga kidogo. Nilitoa kitenge kipya mkobani, nikamwambia mwenye kambale kwamba nataka kumnunua samaki wake kwa nguo. Akanitazama kama mtu anayepimwa akili. Nikamsimulia habari za babu wa babu yake guku. Wote wawili walicheka hadi ufito mmoja ukadondoka majini. Kisha yule kijana akakikunjua kitenge, akakagua pindo, akakivuta kujaribu rangi, kama walivyofanya bila shaka watu wake wa zamani mbele ya robota la Mwarabu.

"Hiki ni cha samaki wawili," akasema kwa uaminifu. "Na mimi ninaye mmoja."

"Nitamchukua huyo huyo."

Nilimbanika kwenye jiko la mama ntilie karibu na barabara, nikamfunga kwenye gazeti, na kesho yake jioni nikamweka mbele ya guku. Alimnusa kwanza. Akamgeuza, akamwangalia kichwani kwa jicho lake zima, akavunja kipande cha mgongoni na kukitafuna taratibu bila kusema neno. Mkewe, bibi yangu, akasogeza sahani ya ugali. Tulikula watatu bila mazungumzo, kama inavyostahili samaki aliyetoka mbali.

Aliponawa mikono ndipo akauliza.

"Kwa hiyo uliuvuka?"

"Niliuvuka, guku. Juu ya daraja, nikarudi."

"Ulimlipa nani?"

"Hakuna wa kumlipa. Ni daraja tu, unapita bure."

Guku alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakikunja na kukiweka gotini.

"Basi umevuka bure," akasema.